Mradi wa programu huria umekwama: dalili, sababu na namna ya kuukwamua

Mwongozo huu umejengwa juu ya malalamiko yanayojirudia kwa wanaotengeneza programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili) hapa Dar es Salaam: pendekezo halijibiwi, wachangiaji wanapotea, mjadala hauishi, kila kitu kinamsubiri mtu mmoja. Mifano mingi inatoka kwenye programu tunayoitunza ya kuweka hesabu za vikoba, lakini matatizo yenyewe hayachagui mradi.

Karibu kila dalili hapa chini huonekana kama tatizo la kiufundi au la tabia ya mtu. Ukichimba, mara nyingi unakuta uamuzi ulifanyika mahali ambapo asiyekuwepo hawezi kuuona. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, tafuta kwanza kama alikuwa na njia ya kujua.

Anza na dalili inayofanana na yako. Sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea sana hadi ile ya nadra.

Dalili: Pendekezo limewekwa, wiki zinapita, hakuna anayejibu

Hili ndilo linalolalamikiwa kuliko yote, na wengi hulisoma kama dharau. Mara chache sana ni dharau.

Sababu inayoongoza ni kwamba pendekezo limetaja suluhisho bila kusema tatizo. Chukua hili, ambalo ni la aina tunayoipokea kila mara:

"Naomba tuongeze faini ya kiotomatiki kwa wanachama wanaochelewesha marejesho."

Sentensi inaeleweka, lakini haijibiki. Faini ya kiasi maalumu au ya asilimia? Inahesabiwa kuanzia siku ya kikao au kesho yake? Kikundi kimoja Mbagala kinatoza kiwango kimoja kwa kila wiki, kingine Tegeta kinatoza sehemu ya deni lililobaki, na kila kimoja kina katiba yake. Mtunzaji anasoma, anaona maswali kumi, anajiambia atarudi baadaye, harudi. Sasa soma hili:

"Mweka hazina wetu anakokotoa faini kwa mkono kila kikao, kwa sababu programu haijui kwamba katika kikundi chetu aliyefiwa husamehewa faini ya mwezi huo. Jumla ya daftari na jumla ya programu hazilingani, na wanachama wanaanza kutiliana shaka."

Hapa hakuna suluhisho lolote, lakini mtunzaji anaweza kujibu leo leo. Tena huenda jibu likawa jepesi kuliko alilofikiria mpendekezaji: kitufe cha kusamehe faini, chenye nafasi ya kuandika sababu na jina la aliyeidhinisha. Namna ya kuipima ni rahisi. Msomee aya yako ya kwanza mtu anayejua vikoba na asiyejua kompyuta. Akikwambia nani anaumia na wapi, iache. Akikuuliza "kwani shida ni nini?", iandike upya.

Sababu ya pili: hakuna mwenye jukumu la kujibu. Kila mtunzaji anadhani mwenzake atajibu. Fungua faili la CONTRIBUTING (maelekezo kwa wachangiaji) uone kama linasema nani anapokea mapendekezo na ndani ya muda gani. Kama halisemi, wekeni zamu ya wiki kwa wiki na majina yaonekane. Jibu la kwanza si lazima liwe uamuzi; "Nimeliona, nitalisoma Jumamosi" linatosha kumweka mtu mezani.

Sababu ya tatu: pendekezo ni kubwa mno. Likiwa na malipo kwa simu, ripoti mpya na muonekano mpya kwa mpigo, hakuna atakayethubutu kulishika. Ligawe. Mradi wa Kubernetes (programu huria ya kuendesha mifumo kwenye seva nyingi) una desturi nzuri hapa: fomu yao ya mapendekezo ina sehemu ya kutaja malengo, na nyingine ya kutaja yale ambayo pendekezo *halikusudii* kuyafanya. Sehemu hiyo ya pili inapunguza ubishi mwingi sana.

Sababu ya nne, ambayo ni yetu hasa: watunzaji wamelisoma, hawalitaki, na wanaona haya kusema. Wanaandika "tutaliangalia", na mpendekezaji anaelewa kwamba linaangaliwa. Kukataa waziwazi, kwa sababu iliyoandikwa, ni heshima kubwa zaidi. Jumuiya ya lugha ya kompyuta ya Python, ambayo imekuwa ikitumia mapendekezo yenye namba tangu mwaka 2000, huyahifadhi hata yaliyokataliwa pamoja na sababu zake. Anayekuja na wazo lilelile miaka mitano baadaye anakuta jibu, na akiwa na hoja mpya anajua aanzie wapi.

Ukishakagua hayo na tatizo bado lipo, tengenezeni fomu ya pendekezo na kuiweka ndani ya repo (ghala la msimbo wa mradi). Yetu ina maswali haya: Nani anaumia, na anafanya nini sasa hivi kujiokoa? Njia gani nyingine zilifikiriwa? Kitu gani kitavunjika kwa kikundi chenye kumbukumbu za miaka mitatu nyuma? Nani ataandika msimbo, na nani atautunza akiondoka? Swali la mwisho ndilo linalowashtua watu, na ndilo lenye thamani kuliko yote.

Kisha wekeni ukomo wa maoni. Apache Software Foundation, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, hutumia kanuni kwamba kimya ni ridhaa, na muda wao wa kawaida ni angalau saa 72. Jumuiya ya Rust, lugha nyingine ya kompyuta, hufungua kipindi cha mwisho cha maoni cha siku 10. Sisi tunatumia siku 7, kwa sababu karibu wachangiaji wote wana ajira au vipindi vya chuo, na wiki nzima inampa kila mtu Jumamosi na Jumapili moja ya kusoma akiwa ametulia.

*Simama hapa:* pendekezo likianza kugusa kupokea, kushika au kutuma fedha za watu, acheni kuandika msimbo. Malipo yanasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na vikundi vya kijamii vya fedha vimewekwa daraja la nne katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hapo anahitajika mwanasheria, hata kama msimbo wenyewe ungemaliziwa kwa wikiendi moja.

Dalili: Mchangiaji mpya analeta kazi moja, kisha haonekani tena

Kwanza angalia orodha ya maombi ya kuunganisha (kazi zilizoletwa zinazosubiri kuingizwa kwenye mradi) yaliyo wazi, uyapange kuanzia la zamani. Kama la juu kabisa limekaa mwezi bila neno, umeshapata jibu. Mtu aliyekesha na kazi yako baada ya foleni ya Ubungo, akanyamaziwa, hana sababu ya kurudi.

Kama majibu yanatolewa kwa wakati, kagua mlango wa kuingilia. Chukua kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa mradi wenu, iunganishe na intaneti ya simu yako, fuata README (faili la maelekezo ya kuanzia) neno kwa neno, usiongeze kitu unachokijua kichwani. Pima vitu viwili: ni hatua ipi iliyokukwamisha, na ni bando kiasi gani limeliwa. Kama kuanza tu kunadai kupakua gigabaiti kadhaa, umemfungia nje mwanafunzi anayenunua bando la siku. Marekebisho yapo. Weka njia nyepesi inayotumia SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja) badala ya seva kamili ya hifadhidata, weka data ya mfano iliyo ndogo, na uandike kwenye maelekezo kwamba mtu anaweza kuchukua historia fupi kwa `git clone --depth 1` (Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo). Anayetafsiri maneno au kurekebisha ukurasa mmoja hahitaji historia nzima ya mradi.

Sababu ya tatu inaonekana ndogo lakini imefukuza wengi. Kijana amebadilisha mistari miwili. Anatuma ombi la kuunganisha, na ukurasa unaonyesha faili zima limefutwa na kuandikwa upya: nyekundu upande mmoja, kijani upande wa pili, mamia ya mistari, na maneno ni yaleyale. Mkaguzi anauliza kwa ukali, "Kwa nini umebadilisha faili lote?" Kijana anatazama, haoni tofauti yoyote, anahisi amefanya kosa asilolielewa, anaondoka kimya.

Hakufanya kosa. Windows humalizia kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, wakati Linux na macOS humalizia kwa LF peke yake. Kihariri chake kimebadilisha miisho ya mistari yote. Dawa ni faili la `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto`, kisha `git add --renormalize .` na komiti moja (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia). Chagua siku ambayo hakuna maombi mengi yaliyo wazi, maana komiti hiyo italeta migongano kwa kila anayefanya kazi kwenye tawi la zamani (nakala aliyoianza kabla ya badiliko hilo). Ukishaiweka, mwandikie yule kijana, umwambie kosa lilikuwa kwenye mipangilio ya mradi.

Sababu ya nne ni lugha ya ukaguzi. "Hii siyo" si maoni. Mwonyeshe mstari, mwambie kitakachotokea, mpe mfano. Kinyume chake pia kipo na kinasumbua vilevile: mtunzaji wa miaka 22 anakagua kazi ya mtu aliyemfundisha chuoni. Ataanza na shikamoo, ataona kosa, atashindwa kulisema, ataidhinisha. Usimwachie mzigo huo peke yake. Majaribio ya kiotomatiki na orodha ya ukaguzi iliyoandikwa vitangulie, ili anayekataa awe ni orodha. Na kazi inayogusa hesabu iidhinishwe na watu wawili. Mwalimu mwenyewe hushukuru.

*Simama hapa:* ukikuta matusi, vitisho au usumbufu wa kingono, hilo si suala la ukaguzi wa msimbo na lisijadiliwe hadharani kwenye tiketi (ukurasa wa kufuatilia jambo moja la mradi). Hifadhi ujumbe wote kama ulivyo, mwondolee mhusika ruhusa kwa muda, washughulikie watu wawili na si mmoja. Kukiwa na vitisho au usumbufu wa kingono, aliyetendewa asindikizwe polisi akitaka. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Dalili: Watu wawili wameandika kitu kilekile

Karibu kila mara tiketi haikuwa na jina la mtu. Waliowahi kuchora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kama vijana wa Ramani Huria walioanza kuchora maeneo ya mafuriko ya jiji hili mwaka 2015, wanaijua Tasking Manager: eneo hugawanywa viboksi, anayechukua kiboksi anakifunga, na akipotea bila kumaliza kinafunguka chenyewe baada ya muda. Igeni yote mawili. Tiketi iwe na jina, na jina liondolewe baada ya wiki mbili za kimya, bila lawama. Miradi mingi huweka sehemu ya kwanza na kusahau ya pili, ndipo tiketi zinakaa na majina ya watu waliohamia Dodoma mwaka juzi.

Kwenye tafsiri, sura ya tatizo hili ni tofauti kidogo: mmoja ameandika "hifadhi", mwingine "tunza", na kitufe kilekile kina majina mawili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice (programu za ofisi kwa Kiswahili) mwaka 2004, ulikuwa na faharasa yake ya istilahi. Wekeni yenu ndani ya repo kabla ya kugawana kurasa.

Dalili: "Hilo tulishakubaliana", na hakuna anayeona wapi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nyingi ya dalili nyingine huzaliwa hapa.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni grupu la WhatsApp. Linarahisisha kila kitu: maswali, pongezi, picha za hitilafu, mipango ya kukutana. Lakini uamuzi uliofanyika humo saa 5 usiku, kati ya utani na salamu za rambirambi, kesho yake uko chini ya jumbe mia mbili. Aliyejiunga mwezi ujao hauoni kabisa. Vibaya zaidi ni ujumbe wa sauti wa dakika nne: ndani yake kuna hoja nzito kuliko zote, na hakuna njia ya kuitafuta kwa neno.

Mahali pa pili ni mkutano wa ana kwa ana. Watu sita wanakutana Kijitonyama Jumamosi, wanazungumza vizuri, wanatoka wamekubaliana kubadili muundo wa jedwali la hisa. Mchangiaji wa Mwanza, ambaye ndiye aliyeandika jedwali hilo, anajua Jumatatu kupitia ombi la kuunganisha ambalo tayari limeidhinishwa. Atapinga, na ana haki.

Mahali pa tatu ni mkutano wa mtandaoni ambao baadhi hawakufika. Usidhani walipuuza. Umeme unakatika, bando linaisha katikati ya sentensi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima iliyumba. Na ipo sababu nyingine ambayo ni rahisi kuiondoa: saa. Ukiwaandikia wachangiaji wa nje kwamba mkutano ni saa 3 usiku, wapo watakaoamka saa tisa alfajiri. Andika saa ya UTC (saa ya kimataifa) pamoja na yetu: 18:00 UTC, saa 3 usiku Dar es Salaam.

Ukaguzi wa kwanza: chukua maamuzi matatu ya karibuni, umwombe mtu ambaye hakuwepo atafute sababu ya kila moja ndani ya repo. Mpe dakika kumi. Asipopata hata moja, acha kutafuta mkosaji.

Marekebisho hayadai kulifunga grupu. Jaribio la kulifunga hushindwa, kwa sababu watu wanalipenda na lina faida. Wekeni kanuni moja: jambo ambalo halijaandikwa kwenye tiketi bado halijakubaliwa. Kisha kila mazungumzo yanapokomaa, mtu mmoja anayahamisha. Muundo wetu ni huu, na hauzidi mistari mitano:

"Tumejadili kwenye grupu na kwenye kikao cha Jumamosi. Pendekezo: faini iliyosamehewa ibaki kwenye kumbukumbu ikiwa na alama, isifutwe. Sababu: mkaguzi wa kikundi anahitaji kuiona mwisho wa mwaka. Hoja iliyopinga: orodha itakuwa ndefu, tutaongeza kichujio. Maoni hadi Jumapili usiku, baada ya hapo tunaendelea."

Zingatia kwamba hoja iliyopinga imeandikwa. Ukiiacha, aliyeitoa ataona muhtasari umempiga chini, na atairudia kila mahali hadi isikike. Zingatia pia kwamba imeandikwa kama pendekezo lenye muda wa maoni, ili wa Mwanza naye awe na nafasi. Kuhamisha maneno kunachukua dakika tano. Kutengua jedwali la hisa lililokwisha kutumika na vikundi ishirini kunachukua miezi.

Dalili: Mjadala hauishi

Kagua kwanza kama wanaobishana wanajadili tatizo moja. Omba kila upande uandike msimamo wa upande wa pili, hadi wenyewe wakubali kwamba ndivyo wanavyosema. Mara nyingi mnagundua mmoja anaongelea mweka hazina mwenye simu janja, mwingine anaongelea mwenye simu ya vitufe.

Kama tatizo ni moja na ubishi unaendelea, yawezekana hakuna anayejua nani mwenye neno la mwisho. Hili limeitikisa hata miradi mikubwa. Julai 2018, baada ya mvutano mkali juu ya pendekezo namba 572 la Python, Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, alitangaza kuachia nafasi ya msemaji wa mwisho. Jumuiya ililazimika kuandika upya jinsi ya kuamua, na ikaishia kuchagua baraza la uongozi la watu watano. Msingoje mvutano ndipo muandike. Aya moja inatosha: nani anaamua nini, na wasipoelewana inakuwaje. Miradi ya Apache ina kanuni nzuri ya kuongezea: kwenye mabadiliko ya msimbo mtu anaweza kuweka turufu, yaani kuyazuia, lakini lazima iambatane na sababu ya kiufundi. "Sipendi" haihesabiki.

Sababu ya tatu: jambo lenyewe ni jepesi kiasi kwamba kila mtu ana maoni, kama rangi ya kitufe. Mpe mtu mmoja aamue, mwendelee.

Mkishindwa yote, andikeni matoleo mawili madogo ya majaribio na mpeleke kwa vikundi viwili halisi kwa mzunguko mmoja wa vikao. Wanachama wakishika simu wenyewe, mengi yanajieleza.

*Simama hapa:* mkifikia kugawanyika, leseni huria inaruhusu kila upande kuendelea na nakala ya msimbo. Jina la mradi, anwani ya tovuti na akaunti yenye michango ya fedha havigawanyiki hivyo. Tafuteni msuluhishi wa nje au mwanasheria kabla mtu hajabadilisha nenosiri lolote.

Dalili: Kila kitu kinamsubiri mtu mmoja

Andika orodha: nani anaweza kuunganisha msimbo, kutoa toleo, kuingia kwenye seva, kulipia anwani ya tovuti kila mwaka, kuingia kwenye akaunti ya duka la programu za simu. Jina moja likijirudia kote, mradi uko hatarini hata kama mwenye jina ni mtu mwema na mchapakazi. Ataugua, atapata kazi mpya, atachoka. Huyo anastahili kusaidiwa kabla hajaanguka.

Hamisha jukumu moja baada ya jingine, lile la kutoa toleo likitangulia, maana linaweza kuandikwa hatua kwa hatua. Toleo la kwanza atoe mwenyeji huku mwingine akitazama. La pili atoe mwingine huku mwenyeji akitazama.

Lakini usikabidhi funguo kwa sababu tu mtu ana bidii na anasukuma. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa isivyo kawaida. Aliyeuweka, akitumia jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kwa takriban miaka miwili hadi akaaminiwa kuwa mtunzaji mwenza, huku akaunti nyingine zikimlalamikia mtunzaji aliyechoka kwamba anachelewesha kazi. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: kumpa mtu kazi zaidi ni rahisi na kunarekebishika, kumpa uwezo wa kutoa toleo kunahitaji idhini ya watu wawili na uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia.

*Simama hapa:* mgeni akikushinikiza kwa haraka, akileta mafaili ambayo hayasomeki kwa macho na maelezo yasiyoeleweka, usiunganishe. Mwite mtaalamu wa usalama aangalie.

Dalili: Toleo jipya limeharibu hesabu

Usifute historia. Tumia `git revert` kurudisha nyuma komiti yenye kasoro, ili kila mtu aone kilichotokea. Kama hujui ni ipi, `git bisect` inagawa historia nusu kwa nusu. Kati ya komiti 100 utaipata kwa majaribio kama saba.

*Simama hapa:* kurudisha msimbo hakurudishi data. Kama toleo limeshabadilisha kumbukumbu za vikundi, nakili hifadhidata yote kabla ya kugusa chochote, wajulishe waweka hazina waendelee na daftari, na utafute mtu anayejua kurejesha hifadhidata.

Dalili: Siri imevuja, au kuna swali la leseni

Nenosiri au ufunguo wa huduma ukiingia kwenye repo ya wazi, hatua ya kwanza ni kuubatilisha na kutengeneza mwingine, dakika hiyohiyo. Kulifuta faili hakusaidii, kwa kuwa liko kwenye historia na huenda limeshanakiliwa. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunakuja baadaye. Zikivuja taarifa za wanachama, yaani majina, namba za simu na madeni, mko ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zungumzeni na mwanasheria na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na waambieni wenye taarifa zao.

Kwenye leseni, kagua kwanza kama faili la LICENSE lipo. Msimbo ulio wazi mtandaoni bila leseni bado ni mali ya mwandishi, na mwingine hana ruhusa ya kuutumia. Kisha kagua wachangiaji walioajiriwa: mikataba mingi inampa mwajiri haki ya kinachoandikwa kazini, na wakati mwingine hata kinachoandikwa nyumbani. Waombe wasome mkataba, na ikibidi walete ruhusa ya maandishi kabla kazi yao haijaunganishwa.

Kubadili leseni ya mradi wenye wachangiaji wengi msikufanye wenyewe. Kila mwenye haki lazima akubali. OpenStreetMap ilipohamia ODbL, leseni huria ya hifadhidata, mwaka 2012, michango ya waliokataa na ya wasiojibu iliondolewa kwenye ramani. Kabla ya kuanza, tengenezeni orodha ya kila aliyewahi kuchangia na namna ya kumpata, mpeleke kwa mwanasheria anayejua hakimiliki, naye awaambie ni kazi ya nani itakayobidi kuandikwa upya.